Gari Haliwaki: Pima Betri Kwanza, Kisha Ndipo Uibadilishe

Gari likigoma kuwaka asubuhi, betri ndiyo mtuhumiwa wa kwanza, na mara nyingi kweli ndiyo yenye kosa. Shida ni pale mtu anapokimbilia dukani kabla ya kupima chochote. Anafunga betri mpya, gari linawaka, anafurahi. Wiki ya pili limelala tena palepale. Kumbe altaneta (jenereta ya gari inayochaji betri) haichaji, au kuna kitu kinanyonya umeme usiku kucha, au kibano kinachoshika waya kwenye betri kilikuwa kimelegea tu na betri ya zamani ilikuwa nzima. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu ni kupima. Kubadilisha betri yenyewe ni kazi ya nusu saa, ukishajua unachokifanya.

Utahitaji multimita, yaani mita ya kupimia umeme (hata ile ya bei ya chini kabisa inatosha), spana, mara nyingi namba 10, brashi ya waya au msasa, bikaboneti ya soda, glavu na miwani ya kukinga macho.

Usalama, kwa ufupi

Ndani ya betri kuna asidi ya salfuriki, na betri inapochajiwa hutoa haidrojeni, gesi inayolipuka kwa cheche moja tu. Usivute sigara wala kuwasha kiberiti karibu. Vua pete, bangili na saa ya chuma: pete ikikwama kati ya spana na bodi ya gari huku spana imegusa nguzo chanya (kichwa cha madini ya risasi juu ya betri, chenye alama ya +), chuma hicho huwa chekundu kwa joto kikiwa bado kidoleni. Asidi ikiingia jichoni, osha kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi, kisha nenda hospitali, hata kama maumivu yamepungua.

Sikiliza kabla ya kufungua boneti

Washa gari na utege sikio. Stata (mota inayozungusha injini ili iwake) ikizunguka kivivu huku taa za dashibodi zikififia, umeme unaofika hautoshi. Ikilia tak-tak-tak-tak harakaharaka bila kuzungusha injini, ni hadithi ileile: swichi ya sumaku ya stata inavuta, volti inaanguka, inaachia, inavuta tena. Tak moja nzito kisha kimya huelekeza zaidi kwenye stata au waya wake mnene, ingawa betri iliyochoka sana nayo huweza kulia hivyo. Kimya kabisa na dashibodi giza tupu: ama betri imeisha moto wote, ama kibano kimeachia.

Kuna hali mbili ambazo zisikupeleke kwenye betri. Ya kwanza, dashibodi inawaka vizuri, taa ni kali, lakini ukiwasha husikii chochote. Kama gari ni la otomatiki, kanyaga breki, peleka gia kwenye N ujaribu tena. Swichi inayotambua gia ikichoka hukataa kuruhusu stata ikiwa kwenye P. Angalia pia kama alama ya ufunguo inametameta kwenye dashibodi, maana mfumo wa kuzuia wizi usipoutambua ufunguo, magari mengi hugoma kuwaka. Hali ya pili, injini inazunguka kwa kasi yake ya kawaida lakini haishiki. Hapo betri imeshafanya kazi yake. Tafuta mafuta, plagi au sensa.

Kama bado huna uhakika, washa taa kubwa za mbele gari likiwa limetazama ukuta, kisha jaribu kuwasha injini. Mwanga ukififia hadi karibu kuzimika, tatizo liko kwenye betri au kwenye viungo vyake. Ukibaki mkali vilevile na stata haijazunguka, umeme haufiki kwenye stata, na betri huenda haina kosa.

Vibano na nyaya: usiviruke

Fungua boneti. Betri nyingi ziko hapo, lakini baadhi ya magari huiweka kwenye buti au chini ya kiti. Shika kila kibano kwa mkono ujaribu kukizungusha kwenye nguzo yake. Kikizunguka hata kidogo, umepata tatizo la kwanza, na pengine ndilo pekee. Kibano kilicholegea huweza kupitisha umeme wa kutosha taa na redio, kisha kikashindwa kabisa stata inapodai ampea mia na zaidi kwa mkupuo.

Unga mweupe au wa kijani kwenye nguzo kila mtu huuona. Usioonekana ni ule utando mwembamba wa kijivu-cheusi kati ya nguzo na kibano: kwa nje pako safi, kumbe ndani risasi imefunikwa na kitu kisichopitisha umeme vizuri. Ndiyo sababu huwezi kuhukumu kibano kwa macho bila kukivua. Kivue (kwa mpangilio nitakaoueleza chini), sugua ndani ya kibano na nguzo yenyewe hadi uone risasi inang'aa, kisha rudisha na ukaze. Unga wa kutu unayeyuka kwa bikaboneti ya soda iliyokorogwa kwenye maji ya vuguvugu. Itatoa povu, na povu likikoma suuza na ufute pakauke. Kama betri ina vifuniko vya seli (vyumba vyake vya ndani), hakikisha vimefungwa, maji hayo yasiingie ndani.

Fuata pia waya hasi hadi unapofungwa kwenye bodi na kwenye injini. Huo waya wa ethi ukipata kutu pale kwenye bolti, dalili zake hazitofautiani kabisa na za betri iliyokufa. Watu wengi wamenunua betri kwa ajili ya bolti moja yenye kutu.

Tazama sasa betri yenyewe. Ikiwa imevimba mbavuni, imepasuka, inavuja au inatoa harufu ya yai viza, usiichaji wala usijaribu kuwashia gari. Hiyo ni ya kubadilishwa.

Kupima kwa multimita

Weka mita kwenye volti za DC, kipimo cha 20. Ncha nyekundu kwenye nguzo chanya, nyeusi kwenye hasi. Gusa nguzo yenyewe, si kibano.

Ukipima mara tu baada ya kuzima injini, mita itakudanganya: namba itakuwa ya juu kuliko hali halisi. Acha gari lilale usiku mzima, au washa taa kubwa kwa dakika mbili, zima, subiri kidogo, ndipo upime. Betri ya volti 12 iliyotulia husomeka hivi:

- 12.6 hadi 12.7: imejaa
- 12.4: takriban robo tatu
- 12.2: nusu
- 12.0: robo
- chini ya 11.9: haina kitu

Betri za aina ya AGM, ambazo asidi yake imefyonzwa kwenye mkeka wa nyuzi za kioo, husoma juu kidogo. Ikijaa hufika 12.8 hivi.

Namba ya chini peke yake haijasema kwamba betri ni mbovu. Imesema haina chaji tu. Taa ya ndani iliyosahauliwa usiku kucha huweza kuishusha betri nzima hadi volti 11, na ikichajiwa itaendelea na maisha yake. Kwa hiyo ukikuta iko chini ya 12.4, ichaji kwanza ndipo uihukumu. Tumia chaja yenye ampea zinazokaribia sehemu moja ya kumi ya ukubwa wa betri; betri ya Ah 60 (ampea-saa, kipimo cha ukubwa huo) ichajiwe kwa ampea 6 au pungufu, na uipe usiku mzima. Kisha itenganishe na chaja, iache itulie saa 12, na upime tena. Ikibaki 12.5 au zaidi, bado ina matumaini. Ikishuka yenyewe hadi 12.2 bila kufungwa kwenye chochote, imekwisha. Ikigoma kabisa kwenye 10.5 hivi, seli moja imekufa: betri ina seli sita za takriban volti 2.1 kila moja, na hapo unasoma tano.

Kwa betri za maji, zenye vifuniko vinavyofunguka, haidromita (kifaa cha kupimia uzito wa asidi) huona zaidi ya mita. Seli iliyojaa husomeka kati ya 1.265 na 1.280. Linganisha seli zote sita baada ya kuchaji. Ikiwa mojawapo iko chini ya wenzake kwa zaidi ya 0.050, hiyo ndiyo inayoiangusha betri nzima. Kama bamba zimeachwa wazi, ongeza maji yaliyotoneshwa hadi yazifunike tu, chaji, kisha jaza hadi alama. Usiongeze asidi. Kinachopungua kwa matumizi ni maji. Asidi hubaki ndani.

Kipimo cha mzigo

Betri inaweza kusoma 12.6 kwa utulivu kabisa na bado isiweze kuzungusha injini. Bamba zake zimejaa salfeti ngumu au zimemomonyoka. Volti ipo, nguvu haipo. Hapa ndipo unapoijua.

Betri ikiwa imechajiwa, acha mita kwenye nguzo na mtu mwingine awashe gari huku wewe ukitazama namba. Kwenye gari lenye afya utaona 12.6, kisha injini inapozunguka inaanguka ghafla hadi 10.5 au 11 hivi, injini inashika, na namba inapanda kupita 13.5. Ikianguka chini ya 9.6 wakati hali ya hewa si ya baridi kali, betri imechoka. Ikizama hadi 7 au 6, huna haja ya kipimo kingine.

Ikiwa namba inabaki juu, mathalani 12, na bado stata inazunguka kivivu, umeme unapotea njiani. Weka ncha moja ya mita kwenye nguzo hasi na nyingine kwenye chuma kisicho na rangi cha injini, kisha mtu awashe. Isome karibu na sifuri. Ikipita volti 0.5, waya wa ethi ndio wenye kosa. Fanya hivyohivyo upande wa chanya, kati ya nguzo na kichwa cha waya kwenye stata, kama unaweza kukifikia bila kugusa mkanda wala feni.

Je, altaneta inachaji?

Injini ikiwa inaunguruma, pima tena kwenye nguzo. Altaneta nzima hutoa kati ya 13.8 na 14.7. Washa taa, feni ya ndani na redio. Isishuke chini ya 13.2 hivi. Ikibaki 12 na kitu na inaendelea kushuka, betri mpya itakufa kama hii ya zamani: angalia mkanda kama umelegea au umekatika, kisha altaneta. Ikipita 15 na kubaki huko, kirekebisha volti kimeharibika na betri inachemshwa. Magari mapya mengi hupandisha na kushusha volti kwa makusudi kupitia kompyuta, kwa hiyo kabla ya kulaumu altaneta, tazama namba kwa dakika kadhaa, taa zikiwa zimewashwa.

Na jambo moja lisifanywe kamwe: kuvua kibano cha betri injini ikiwa inaunguruma "ili kuona kama altaneta inachaji." Ni kipimo cha zama za kale, magari yalipokuwa hayana kompyuta. Leo ukifanya hivyo, volti huruka ghafla na huweza kuunguza vifaa vya elektroniki ambavyo gharama yake ni ya betri kadhaa.

Kama betri inakufa gari likiwa limelala

Betri inachajika, altaneta ni nzima, lakini kila baada ya siku mbili za kuegesha gari haliwaki? Kuna mnyonyaji. Zima kila kitu, toa ufunguo, vua kibano hasi, na uunganishe multimita kati ya nguzo hasi na kibano hicho, ikiwa kwenye kipimo cha ampea 10 na ncha nyekundu ikiwa kwenye tundu la 10A. Funga milango au bonyeza vitasa vyake kama vile imefungwa. Usiwashe gari wala kuwasha taa kubwa mita ikiwa hapo. Utaunguza fyuzi yake.

Mwanzoni namba itakuwa kubwa. Subiri, kompyuta za gari huchukua muda kulala, wakati mwingine zaidi ya nusu saa. Zikishalala, magari mengi hubaki chini ya ampea 0.05. Ukiona 0.3 au 0.5, anza kuchomoa fyuzi moja baada ya nyingine hadi namba idondoke. Fyuzi iliyoishusha itakuonyesha ukoo wa mnyonyaji: redio ya kubandikwa, kifaa cha kufuatilia gari, taa ya buti isiyozimika. Hakuna fyuzi iliyobadilisha kitu? Gusa altaneta gari likiwa limepoa saa kadhaa. Ikiwa ya vuguvugu, diodi zake (vipande vinavyoruhusu umeme upande mmoja tu) zinavujisha.

Kubusti (kuwasha kwa umeme wa betri ya gari jingine), ukiwa umekwama

Magari mawili yasigusane, yote yamezimwa. Waya mwekundu: nguzo chanya ya betri iliyokufa, kisha chanya ya nzima. Waya mweusi: nguzo hasi ya betri nzima, kisha ncha ya mwisho kwenye chuma tupu cha injini ya gari lililokufa, mbali na betri yake. Ncha hiyo ya mwisho ndiyo inayotoa cheche, nawe hutaki cheche karibu na haidrojeni. Washa gari lenye betri nzima, liache dakika tano, washa lililokufa. Ondoa nyaya kwa mpangilio wa kinyume, ukianza na ncha uliyofunga mwisho.

Kwa magari ya haibridi soma kitabu cha gari kwanza, na usiguse nyaya za rangi ya machungwa.

Gari likishawaka, usidhani mzunguko wa dakika kumi utaijaza betri. Altaneta imetengenezwa kuitunza betri iliyojaa, si kuifufua iliyokufa. Ichaji kwa chaja.

Kuchagua betri mpya

Chukua vipimo kutoka kwenye kitabu cha gari, si kutoka kwenye betri uliyoikuta, kwa kuwa aliyekutangulia huenda aliweka yoyote aliyoipata dukani. Vinavyohitaji kulingana ni hivi: urefu, upana na kimo, upande ilipo nguzo chanya, unene wa nguzo, na aina. Kwenye betri za mtindo wa Kijapani lebo hujieleza. Ukiona 55D23L, 23 ni urefu kwa sentimita, D ni kundi la upana na kimo, na L ni upande wa nguzo. Ukinunua R badala ya L, nyaya hazitafika, au mbaya zaidi, utazilazimisha zifike mahali pasipo pake.

Ah ni kiasi cha umeme kinachohifadhiwa. CCA ni nguvu ya kuzungusha injini kwenye baridi. Usiende chini ya kiwango cha mtengenezaji. Kuzidi kidogo si tatizo, mradi iingie mahali pake. Gari linalozima injini lenyewe linaposimama kwenye foleni lilitoka kiwandani na AGM au EFB (betri ya maji iliyoimarishwa). Ukiliwekea betri ya kawaida, haitadumu.

Dukani, tafuta tarehe ya kutengenezwa na uombe ipimwe mbele yako. Betri iliyokaa rafuni miezi mingi na kusoma 12.2 imeanza kuzeeka kabla hujailipia.

Kubadilisha

1. Egesha mahali tambarare, vuta breki ya mkono, zima kila kitu. Fungua kioo kimoja na ukae na ufunguo mfukoni. Baadhi ya magari hujifunga umeme ukirudi. Kama betri iko kwenye buti, usiifunge buti.
2. Piga picha ya betri na nyaya zake. Ni sekunde moja, na itakuokoa.
3. Vua kibano hasi kwanza. Ukianza na chanya na spana ikagusa bodi, umepiga shoti betri nzima kupitia spana. Hasi ikishatoka, bodi haina tena njia ya kurudisha umeme. Kifunike kitambaa kisirudi chenyewe.
4. Vua kibano chanya. Kikigoma, fungua nati zaidi na ukizungushe polepole. Usikipige nyundo wala kukipenyezea bisibisi kwa nguvu. Nguzo hung'oka ndani.
5. Fungua kishikio kinachoizuia betri isitikisike. Kama kuna hozi ya plastiki ya kutolea gesi, ichomoe. Utairudisha kwenye betri mpya.
6. Inyanyue ikiwa wima, kwa mikono miwili na magoti yaliyokunjwa. Nyingi zina kilo 12 hadi 20 na zaidi.
7. Safisha trei kwa maji ya bikaboneti, kausha. Sugua vibano hadi ving'ae.
8. Weka betri mpya, hakikisha chanya iko upande uleule, kisha kaza kishikio. Betri inayocheza hufa mapema kwa mtikisiko.
9. Funga chanya kwanza, hasi mwisho. Cheche ndogo kwenye hasi ni ya kawaida. Kaza hadi kibano kisizunguke kwa mkono, usizidishe. Risasi ni laini.
10. Paka vaselini juu ya vibano vilivyokwisha kukazwa, na urudishe kifuniko cha chanya.

Washa gari, kisha pima tena: volti injini ikiwa imezimwa, inapowashwa, na ikiwa inaunguruma. Andika tarehe juu ya betri kwa kalamu ya wino usiofutika.

Saa na redio zitahitaji kuwekwa upya. Redio nyingine hudai namba ya siri, kwa hiyo itafute kabla hujavua kibano. Vioo vya kujifunga kwa mguso mmoja hurudi ukivipandisha hadi juu na kushikilia kitufe sekunde chache. Injini huweza kuunguruma kwa kupandapanda kwa muda mfupi hadi kompyuta ijifunze upya. Baadhi ya magari, hasa ya Ulaya, hutaka betri mpya isajiliwe kwa mashine ya uchunguzi, la sivyo kompyuta huendelea kuichaji kana kwamba ni ile kuukuu.

Betri ya zamani isafirishe ikiwa wima, ndani ya beseni la plastiki, uirudishe kwa muuzaji au kwa wanaokusanya betri kwa ajili ya kuyeyushwa upya. Usiimwage asidi yake, na usimruhusu mtu kuipasua nyumbani kutafuta risasi: vumbi lake hubaki kwenye udongo, na watoto ndio wanaolilamba mikononi.